Hatua za Kutoka Kituoni

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na lile sikio la kushoto, bado linavuma au limeamua kunyamaza kabisa? Sisi huku hatujambo. Baba watoto ana mafua wiki ya tatu sasa, akipiga chafya ndani ya shimo la lifti analotengeneza wenye maofisi wanadhani kamba imekatika. Mjukuu wako wa kike, huyo unayemwita mke mdogo, ameng'oka jino la mbele na amenikataza nisikwambie. Anasema utamwacha. Kaka yake anakua kwa miguu tu, viatu vya Krismasi vimeshambana.

Mimi nipo. Kule chumba cha kufulia cha hospitali wamepunguza watu wawili, ila shuka hazikupungua. Nasimama kwenye pasi ya mvuke tangu saa moja asubuhi, na ikifika jioni vidole vya miguu sivisikii tena. Lakini sikuandiki ili kulalamika. Nina habari.

Baba, benki imekubali. Baada ya miaka kumi na mmoja kwenye nyumba za watu, tunanunua ya kwetu. Tumebakiwa na mbili za kuchagua, bei ni ile ile, na ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu mimi na mwenzangu tumezijadili mpaka tumechoka kusikilizana.

Ya kwanza ni fleti, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule. Mtaa wake ungeupenda. Barabara ina lami na miti pande zote mbili, taka zinachukuliwa kila Jumanne, shule iko ng'ambo ya barabara, na kutoka mlangoni mpaka hospitalini ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Nimetembea mara mbili huku naangalia saa. Ubaya wake, ndani hupumui. Jikoni ukifungua kabati, mwenzako lazima atoke. Watoto chumba kimoja, sisi kimoja, basi, imeisha.

Ya pili ni nyumba ya chini, vyumba vinne, ua wenye ukuta na stoo. Iko mwisho kabisa wa njia ya basi, halafu mbele kidogo. Mtaa bado ni vumbi. Nusu ya nyumba hazijaisha, kuna kiwanda cha matofali, maji yanatoka leo, kesho hayatoki, na taa za barabarani ni nguzo tu, taa zenyewe hazijafika. Watu hawajuani. Nilimsalimia mama mmoja akageuka nyuma kuangalia namsalimia nani.

Vyumba vyote nimevipima kwa ile futi yako ya mbao ya kukunja, uliyonipa siku naolewa. Vipimo viko kwenye karatasi ya pili. Chumba cha nyuma cha ile nyumba kubwa kina dirisha la mashariki na mlango wake wenyewe wa kutokea uani.

Baba watoto anataka ndogo. Mimi nataka kubwa. Wewe unasemaje?

Binti yako.

*

19 Februari

Binti yangu,

Marahaba, mama. Magoti yanasema mvua itanyesha, lakini yanasema hivyo tangu Desemba na mvua hatujaiona, kwa hiyo siku hizi siyaamini. Sikio la kushoto limestaafu. La kulia bado linakwenda kazini ila linachelewa. Simu uliyonitumia ipo kabatini. Mtu akiniongelesha humo nasikia nyuki, na maandishi yake yalitengenezwa yasomwe na sisimizi. Tuendelee na karatasi.

Mwambie mke wangu mdogo kwamba mwanamume wa maana haachi mke kwa ajili ya jino. Mimi mwenyewe yamebaki ya kuhesabika, tutakunywa uji pamoja.

Nimefurahi sana. Barua yako niliisomea kwenye meza ya kazi, nikairudia, na hiyo mara ya pili ilibidi nivue miwani. Mama yako angeimba nyumba nzima ikasikia.

Sasa umeniuliza, nami nakujibu. Chukueni ndogo. Mkwe wangu kasema kweli, ila usimwambie nimemsifu, atavimba kichwa. Nyumba ndogo mimi naiweza. Nitawatengenezea watoto kitanda cha juu na chini, meza ya kukunja ukutani, makabati yanayofika darini. Miaka arobaini na miwili kazi yangu imekuwa kutosheza vitu mahali ambapo havitoshi. Lakini mtaa mbovu siwezi kuupiga randa. Ukishanunua umenunua, na vumbi lake na majirani zake.

Vipimo nimevisoma vyote. Umepima vizuri, hata unene wa kuta hukuusahau. Kuna kimoja tu sikukiona. Hiyo nyumba kubwa, kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni ni hatua ngapi? Na basi lenyewe mpaka hospitalini linachukua muda gani? Ile ndogo umeniandikia mpaka dakika. Ile kubwa umeandika "mbele kidogo". Nimewauzia watu milango maisha yangu yote, binti yangu, nayajua maneno ya mtu anayeficha ufa.

Mimi sijambo kabisa. Karakana inakwenda. Usiwe na wasiwasi juu yangu, na usinunue nyumba kwa kumfikiria mtu ambaye hatalala ndani yake. Wasalimie wote, na mpe mkwe wangu tangawizi ya mafua.

Baba yako.

*

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti na masikio yako pale nilipoyaacha. Naandika nikiwa nimesimama, wakati wa mapumziko, karatasi nimeiweka juu ya furushi la shuka, kwa hiyo samehe mwandiko.

Mama Cherehani amenipigia simu. Usimkasirikie. Anakaa mlango wa pili kutoka kwako, anayaona mengi kuliko mimi. Ameniambia kuhusu lori la mbao. Ameniambia lilikuwa linarudi nyuma, watu wote wanapiga kelele, na wewe umeinama unaokota misumari, na dereva aliposimama, kati yako na lori palikuwa panatosha mkono wa mtu, basi. Ameniambia pia kwamba mwenye karakana ameuza, na wewe uliambiwa tangu Desemba utoke kabla ya Aprili kwisha. Wewe umeniandikia karakana inakwenda. Kweli inakwenda, inakwenda kwa mwingine.

Sikulala siku mbili. Halafu nikaamka nikasema basi.

Jumamosi tumetia saini. Nyumba kubwa. Baba watoto nilikuwa nimemwambia naitaka kwa ajili ya ua, watoto wapate pa kuchezea, na yeye anabisha na mimi nabisha. Nilipomweleza la lori aliisukuma chai yake pembeni. Akasema, "Kama ilikuwa ni kwa ajili ya mzee, ungesema tangu mwanzo. Ningebisha na nini?" Nikaona aibu sana.

Chumba cha nyuma ni chako, kile cha dirisha la mashariki. Najua kwamba ulijua, ndiyo maana uliandika yale ya mtu asiyelala ndani yake. Utalala ndani yake. Stoo ya uani nimeipima, meza yako ya kazi inaingia na nafasi inabaki ya mtu kuzunguka. Watoto wameshapigana nani atakuwa anakuamsha.

Njoo kabla hawajakutoa. Na tafadhali usiniandikie hapana, sina nguvu ya kubishana kwa posta.

Binti yako.

*

22 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Umekaa bila jibu wiki saba, na katikati umeandika mara mbili. Zote nimezipata. Poleni kwa kuhama, na pole kwa kidole kilichobanwa na jokofu.

Nilikasirika. Nilianza na Mama Cherehani, nikamnunia siku nne, na yeye kila siku ananiletea chai kana kwamba hakuna kitu. Kisha nikakukasirikia wewe. Kisha dereva wa lori. Mwisho wakaisha watu nikabaki mimi mwenyewe, na hapo hasira ikakosa pa kwenda. Kilichobaki kilikuwa kufunga vitu.

Msumeno wa umeme nimeuuza, ule ulionila masikio. Aliyeununua ni kijana mzima na hakutaka kunisikia nilipomwambia avae kinga za masikioni. Nimebakiza randa mbili, patasi, msumeno wa mkono, na ule ubao wa mvule ulio nyuma ya mlango. Nilimwekea mama yako, nilitaka kumtengenezea kabati la vyombo nikipata nafasi. Nafasi ilipopatikana yeye hakuwepo. Siwezi kuuacha.

Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi. Ninakuja kwa sababu umesema nije, na kwa sababu nimechoka kula peke yangu. Hilo la pili sijawahi kumwambia mtu.

Kuhusu hatua za kutoka kituoni hukunijibu. Nitazihesabu mwenyewe.

Baba yako.

*

6 Julai, mezani jikoni

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Magoti?

Utashangaa kuona barua yangu chini ya kopo la sukari wakati chumba chako kiko hatua sita kutoka hapa. Sijui njia nyingine. Uko nyumbani kwangu tangu mwanzo wa Mei, na leo nimejaribu kukumbuka ni mara ngapi tumekaa wote mezani. Ni Jumapili tu, na Jumapili mbili kati ya hizo nilisinzia na kijiko mkononi. Natoka saa kumi na nusu alfajiri, mlango wako umefungwa. Narudi saa moja na nusu jioni, mlango wako umefungwa. Ulipokuwa mbali nilikuwa najua habari zako zaidi.

Kwa hiyo nimeona tuandikiane kama tulivyozoea. Unapaonaje hapa? Niambie ukweli. Watoto wananiambia wakitoka shule mnacheza karata na kwamba unawaibia.

Leo ni siku ya maji, naomba ujaze mapipa. Chai iko kwenye chupa. Kidonge cha presha ni kimoja, si viwili.

Binti yako.

*

6 Julai, hapo hapo mezani

Binti yangu,

Marahaba. Nimeamka salama. Mapipa yamejaa na kidonge nimemeza kimoja. Karata anaiba mke wangu mdogo, si mimi. Jino limeota na adabu imetoweka.

Chumba ni kizuri. Jua linaniingilia mapema, na stoo ina harufu nzuri tangu nilipoingiza ule ubao. Mtaani sijamjua mtu. Wanapita haraka, na mimi wakiniongelesha natabasamu tu, nadhani wameshaamua kwamba nina akili kidogo. Usihangaike na hilo.

Umekonda. Chakula chako nimekifunika kwa sahani ya bluu.

Baba yako.

*

13 Julai

Baba,

Mashine moja imeharibika, leo nitachelewa. Mwambie baba watoto aanue nguo. Chakula cha jana nilikula nusu, nikalala. Asante.

Binti yako.

*

14 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Hukunisalimia ila nimeitikia, tuseme imo. Tangu ujue kuandika hii ndiyo barua yako ya kwanza isiyouliza magoti. Silaumu. Naandika tu ili ujue kwamba nimeona.

Nguo zimeanuliwa. Magoti yapo.

Baba yako.

*

2 Agosti

Binti yangu,

Habari za kazi, mama? Habari za miguu? Wiki mbili na nusu sasa chini ya sukari sikuti kitu isipokuwa sisimizi. Sikuulizi kwa nini, nakuona.

Jana nimefanya ile kazi niliyosema nitaifanya. Watoto walikuwa shule. Nilivaa viatu vya kanisani nikaenda kituoni, nikahesabu. Ni hatua elfu mbili mia tatu na kumi, hatua zangu. Nilipumzika mara tatu, na mara zote tatu nilipumzika nimesimama, kwa sababu njia nzima hakuna mahali ambapo mtu anaweza kukaa. Hata kituoni kwenyewe watu wanasubiri wameegemea nguzo ambayo haina taa.

Halafu nilipanda basi mpaka hospitalini. Safari ilichukua saa moja na dakika hamsini, na nusu ya njia nilisimama. Sikukwambia kwa sababu ungeniambia nisiende. Nilizunguka nyuma, nikafuata mvuke, nikakuona dirishani. Ulikuwa umenipa mgongo. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mashine, kiatu kimoja umekivua, mguu umeuweka juu ya mguu mwingine. Mama yako alikuwa anasimama hivyo akiwa jikoni na hataki nijue kwamba amechoka. Niliangalia kidogo, nikarudi.

Mimi na wewe tumefanya kosa la watu wa karakana. Tumepima vyumba, tumepima madirisha, tumepima unene wa kuta. Barabara hatukuipima. Niliuliza, hukujibu, na nilipoona hujajibu nilijua jibu. Bado nikafunga vitu vyangu nikaja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua. Nilijua, na nilitaka kuja.

Lipo jingine. Jioni siwi nimelala. Geti likifungwa sakafu inatetemeka kidogo, naisikia kwa miguu. Hapo nazima taa. Nazima ili usione lazima ya kuja kukaa kitandani kwangu na kunipigia kelele sikioni, baada ya kutwa nzima kwenye kelele za mashine. Nilidhani nakupumzisha. Ukweli ni kwamba miezi mitatu nimekuwa nikijificha ndani ya nyumba niliyonunuliwa.

Sasa niambie kweli na usiandike ya kunifurahisha. Mkitaka kuiuza mhamie kule kwenye mtaa wa miti, mimi sitakuwa kikwazo. Mama Cherehani ana chumba cha uani, hakina mtu, na chai yake naijua. Nguo zangu zinaingia kwenye begi moja.

Baba yako.

*

5 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje baada ya safari ile? Nauliza kweli, siulizi kwa mazoea. Nilipoisoma barua yako kwenye basi nililia, dada niliyekaa naye akanisogezea kanga yake nijifute bila kuniuliza kitu, halafu akaendelea kusinzia.

Umeniambia lako, na mimi nikwambie langu.

Najua kwamba unazima taa. Mlango wako una upenyo chini, fundi wa nyumba hii hakuwa wewe. Nikiingia naona mstari wa mwanga sakafuni, naweka mkoba chini, na mstari unatoweka. Kila siku, Baba. Na kila siku nimekuwa nikishukuru. Nasimama pale mlangoni nasema moyoni, afadhali, leo sitapaza sauti. Halafu nakula nusu ya chakula ulichonifunikia, naenda kulala, na aibu inalala na mimi. Ndiyo maana niliacha kuandika. Ningekuuliza vipi magoti asubuhi, na jioni nimefurahi kwamba umejifanya umelala?

Sitakudanganya kwamba sijuti. Najuta kila alfajiri kuanzia hapa mpaka kituo cha nne, kisha usingizi unanichukua. Ijumaa iliyopita nilipita kwenye ile fleti. Sikuwa na sababu ya kupita kule, nilikwenda kuangalia tu. Wameweka mapazia ya kijani. Nilisimama chini ya mti wao dakika tano hivi mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nani, nikamwambia nimepotea njia.

Kwa hiyo kule kwenye miti hakuna pa kuhamia, wameshaingia wengine. Na hata kama pangekuwepo, kwa Mama Cherehani huendi. Nimeacha lami, nimeacha shule ya ng'ambo ya barabara, nimeacha dakika kumi na mbili. Nikikukosa na wewe, hivi vyumba vinne nimevinunua vya nini?

Sina suluhisho, Baba. Nimefikiria mpaka kichwa kimekataa. Mkuu wetu wa kazi amesema labda mwakani atanihamishia zamu fupi, na labda yake naifahamu. Nimechoka tu, na uchovu wangu hauhitaji wewe uondoke.

Ninakuomba kitu kimoja. Usizime taa.

Binti yako.

*

24 Agosti

Binti yangu,

Marahaba mara mbili, moja ya leo na moja ya ile siku uliyosahau. Umeamkaje? Hii nimeiweka chini ya sukari uisome kabla hujatoka. Chai iko tayari kwenye chupa, usiikimbie.

Magoti siku hizi yana kazi, hayapati muda wa kulalamika. Umeona taa yangu inawaka tangu uliponiomba, na umekuwa ukiingia, unakaa dakika mbili, unanishika bega, unakwenda kulala. Hizo dakika mbili nazipenda. Ila nilikuwa naona ulivyokuwa unazitafutia nguvu, na nikasema lazima kuwe na njia nyingine ya kukuona.

Mwezi wa pili nilikuandikia kwamba mtaa mbovu siwezi kuupiga randa. Bado siwezi. Vumbi liko pale pale, na kiwanda cha matofali hakijaniuliza maoni. Lakini nilipokuwa nimesimama njiani siku ile, magoti yakinitukana, niliwaza kwamba sehemu moja ya mtaa huu naijua dawa yake.

Ule ubao wa mvule nimeutengeneza benchi. Nilikuwa naufanyia kazi mchana stooni, na watoto wamejua kutunza siri kuliko nilivyotegemea. Mke wangu mdogo ndiye aliyepiga msasa miguu yote minne, na ameniambia hataki tena kuolewa na fundi. Jumapili, wakati wewe umelala, mkwe wangu aliazima mkokoteni tukalipeleka kituoni. Tulipolishusha alilikalia, akavuta pumzi, akaniambia sikioni, sikio lile la kulia, "Mzee, kumbe hapa pana upepo."

Yule mama uliyemsalimia akageuka nyuma, mkwe wangu ameniambia ndiye mwenye kibanda cha vocha pale kituoni. Alikuja kuuliza kwa ishara benchi ni la nani. Nikamwambia ni la yeyote aliyechoka. Akakaa hapo hapo, vanishi haijakauka, akainuka na mstari kwenye sketi. Nilidhani nimepata adui. Kesho yake alinisalimia yeye kwanza, na juzi nimekuta amelifuta vumbi kwa kitambaa chake. Jana saa kumi na moja jioni nimekuta limejaa, na watu wanne waliokuwa wanaegemea nguzo kila mmoja kivyake walikuwa wanazozana kuhusu maji, kwa sauti kubwa, mpaka na mimi nimesikia.

Njiani pia nimeweka vigoda viwili, vya mbao za makreti. Havina uzuri. Viko pale nilipokuwa nasimama, cha kwanza kwenye ukuta wa kiwanda, cha pili kwa yule jirani mwenye mbwa, nimemwomba ruhusa, yaani mwenye mbwa.

Benchi lina kimo cha miguu yako. Sikuhitaji kuja na futi, kimo chako nakijua tangu ulipokuwa unakaa juu ya meza yangu ya kazi na kunisumbua.

Jioni ya leo usitafute mwanga chini ya mlango wangu, hautakuwepo. Nitakuwa kituoni tangu saa moja kasoro robo. Ukishuka kwenye basi, usianze kutembea. Kaa kwanza, vua viatu. Usinisimulie kitu. Mimi sisikii, na wewe huna nguvu, kwa hiyo tunaendana. Ukiwa tayari utanigusa mkono, tutatembea polepole, vigoda viko njiani.

Ubao huu ulikuwa wa mama yako na hakuusubiri. Mimi nitakusubiri wewe, leo na kesho na siku ya mashine kuharibika.

Sukari inakaribia kwisha, nitanunua. Barua hii usiijibu.

Baba yako.